Nanga za Delmar

Verna Stiles aliuza nyumba za kiwandani huku kwetu Arkansas, zile zinazokuja barabarani nusu mbili na kuunganishwa kiwanjani. Mimi nilizivuta kwa lori langu miaka tisa. Upepo ukija, kinachozishika ni nanga za chuma, ndefu kufika kiunoni, zinazozungushwa na mashine mpaka zizame zote ardhini.

Kazi ya nanga alimpa Delmar Pruitt. Mtu gani yule! Simu hapokei, na akipokea ni "kesho, bosi, kesho asubuhi." Nilimwambia Verna amtimue. Akanijia juu: "Nyumba ya binti yangu Jolene aliifunga kwa siku moja! Wewe unamjua nani mwingine wa kufanya hivyo?" Shauri yake.

Jumanne ile mimi na Verna tulikuwa tunamkabidhi nyumba bibi Opal, ambaye nyumba yake ya kwanza ilichukuliwa na kimbunga. Anga lilikuwa limegeuka kijani, rangi ya kimbunga, na redio ilishasema kimbunga kitapita kabla ya saa kumi jioni. Delmar, yule wa kesho, safari hii alikuwa amemaliza mapema.

"Hii haiendi popote, bosi," akasema, akaupiga ukuta kofi.

Mimi roho ilikataa. Nikaingia uvunguni mwa nyumba, nikalegeza mkanda wa kona unaoifunga nyumba kwenye nanga, nikaivuta nanga kwa mikono miwili. Ikatoka kama karoti! Ilikuwa kipande cha urefu wa kiganja tu, kimekatwa kwa msumeno na kugongomewa kwa nyundo. Nikamtupia Delmar miguuni.

"Chini kuna mwamba, bosi! Mashine haishuki! Kila fundi anafanya hivyo!"

"Koma!" Verna alipiga kelele. "Unataka kumuua bibi wa watu?"

Bibi Opal alichukua mkoba wake, akapanda lori langu, akafunga mlango. Matone ya kwanza yakaanza kudondoka.

Verna akakitazama kile kipande. Sauti ikamshuka.

"Delmar, kwa Jolene nako kuna mwamba?"

Delmar akavua kofia. "Bosi, ulisema iishe siku moja."

Loo! Nilitamani kumzaba kibao, lakini Verna alikuwa ameshapiga simu. Iliita mara sita ndipo ikapokelewa.

"Jolene, mbebe mtoto mtoke humo ndani! Sasa hivi! Kimbilieni kanisani, kile chumba cha chini ya ardhi... Hapana, mwanangu, haijafungwa. Haijawahi kufungwa."