Wiki Ambayo Naomi Alikosa Usingizi

Nilipokuwa mtoto katika kijiji chetu cha milimani, juu ya Lushoto, tuliamini kwamba usingizi huja kwa miguu. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyetufundisha. Alisema jua likizama usingizi hupanda kutoka bondeni pamoja na ukungu, hupita nyumba kwa nyumba ukiwatazama watu machoni. Ukikuta macho yametulia, unaingia. Ukikuta yamejaa mwanga, unakwenda kwa jirani na haurudi mpaka kesho yake. Kwa hiyo jioni hatukuruhusiwa hata kuikodolea macho taa ya chemli.

Ilikuwa wakati wa Ujamaa, nami nilikuwa na miaka tisa. Likaja gari la sinema la serikali, likaegeshwa uwanja wa shule. Kila jioni walitundika shuka jeupe na kuonyesha filamu za kilimo cha matuta na usafi wa maji. Wazee wetu wengi hawakukijua Kiswahili vizuri, basi bwana sinema akaomba mtoto wa kutafsiri kwa Kishambaa kwenye kipaza sauti. Mwalimu akamchagua dada yangu Naomi, wa darasa la sita.

Bibi alikataa. "Mtoto huyu atapitwa na usingizi," alimwambia baba.

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Alijibu kwa upole, "Mama, hii ni kazi ya taifa. Ni siku tano tu."

"Na mimi je?" nikauliza.

"Wewe utabaki na bibi."

Nikabaki jikoni nikipukuchua maharage, huku sauti ya dada yangu ikivuma kijiji kizima. Alisema kitu, watu wakaangua kicheko, nami sikujua wanacheka nini. Asubuhi wanawake mtoni walimwita "mwalimu wetu". Mimi nilikuwa nyuma yake na ndoo yangu, hakuna aliyeniita chochote.

Tulilala kitanda kimoja. Usiku wa kwanza tu Naomi alianza kugeuka huku na huku. "Rehema, umelala? Nikifumba macho bado naliona lile shuka linawaka."

Nilijifanya nimelala. Kusema kweli, nilifurahi.

Siku ya nne alisinzia kwenye shamba la shule, jembe mkononi, wenzake wakamcheka. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi. Na Jumamosi mgeni kutoka wilayani angekuja kuifunga wiki ile, naye Naomi ndiye angeghani shairi la kumkaribisha. Alikuwa amelikariri kwa kunisomea mimi, hata nami nikalijua lote.

Jumamosi ilipofika tulikaa kwenye nyasi, jua linachoma, wakubwa wanasalimiana na kutambulishana bila mwisho. Naomi akanishika mkono.

"Mdogo wangu, nifinye nikisinzia. Nakuomba."

"Haya."

Haikupita muda kichwa chake kikaniangukia begani. Nilisikia pumzi zake shingoni. Mkono wake ulikuwa mapajani mwangu, karibu kabisa na vidole vyangu. Sikumfinya. Jina lake lilipoitwa nilimlaza taratibu kwenye nyasi, nikainuka, nikasema, "Mwalimu, shikamoo. Dada amelala, lakini shairi mimi nalijua."

Nililighani bila kukosea hata neno. Makofi ndiyo yaliyomwamsha. Nikiwa bado mbele nilimwona akiketi, majani yamemnasa kwenye nywele. Aliwatazama watu, kisha akanitazama mimi. Hakulia. Alikung'uta gauni lake, akaenda nyumbani peke yake.

"Niliwaambia," bibi alisema jioni ile, na tangu hapo kisa kile kikawa ushahidi wake kwa kila mjukuu. Naomi hakukubali tena kusimama mbele ya watu. Hata kanisani, alipoombwa kusoma neno, alitikisa kichwa. Mimi ndiye niliyekwenda chuo cha ualimu.

Siku hizi binti yangu, ambaye ni muuguzi, huwanyang'anya wanawe simu baada ya chakula cha jioni. Anasema mwanga wa kioo huuchelewesha usingizi. Nikimsikiliza namsikia bibi, ila huyu hataji ukungu. Nawaamini wote wawili.

Mwaka juzi nilimweleza Naomi ukweli. Tulikuwa barazani kwake tunachambua mboga. Alimaliza kwanza fungu lililokuwa mkononi.

"Siku zote nilidhani ulinifinya, nikashindwa kuamka," alisema hatimaye. "Hiyo ndiyo aibu niliyokuwa nayo."

Miaka yote ile yeye alijilaumu mwenyewe, bibi akalilaumu shuka, nami nikawaacha waendelee. Bibi alisema kweli kuhusu usingizi. Lakini sauti ya dada yangu haikuchukuliwa na usingizi. Niliichukua mimi, mchana kweupe, nikiwa macho.