Jumamosi wanamsindikiza Mama Shuka kwao

Saa nne asubuhi, mchana kweupe, matroni amelala kitandani. Viatu ameviacha mlangoni, macho ameyafumba, mikono ipo kifuani. Asiyemjua angesema kazi imemshinda. Kumbe hapo ndipo yuko kazini hasa.

"Nyamaza kidogo," anamwambia mwandishi aliyeanza kuuliza swali. "Nasikiliza chumba."

Baada ya muda anainuka, goti likimsumbua, na kutoa hukumu. Dirisha halifungi vizuri, litapitisha baridi. Chaga moja ya kitanda imelegea. Taa ya korido inapenya juu ya mlango, itampiga mtu usoni usiku kucha.

"Mtu aliyezoea kulala vibarazani, ukimpa chumba hatalalamika hata mvua ikimnyeshea humo ndani. Anaogopa atafukuzwa," anasema. "Kwa hiyo mimi nalalamika kwa niaba yake kabla hajafika."

Hivyo ndivyo anavyofanya kila chumba kinapobaki wazi katika nyumba hii ya hisani, inayopokea watu wasio na makazi. Vyumba ni kumi na vinane na hakuna ambacho hajakilalia. Msimamizi wa sasa, siku ya kwanza alipomkuta hivyo, nusura ampe onyo kwa kulala kazini.

Wakazi wanamwita Mama Shuka. Hakuna anayetandika shuka ikanyooka kama yeye, na hakuna anayegomba kama yeye ikirudi na doa.

Ana miaka sitini. Ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza hapa, akiishi katika chumba cha watumishi nyuma ya sehemu ya kufulia. Jumamosi hii anastaafu, na chumba hicho anaingia matroni mpya. Ndiyo taratibu, na yeye mwenyewe alikipata hivyo hivyo.

Wakazi wamechangishana wakamnunulia begi kubwa la magurudumu, jekundu la kuwaka. Limesimama chumbani kwake, karatasi ya dukani bado inaning'inia. Ndani halina kitu.

"Zuri, eh?" anauliza, kisha anatazama pembeni.

Kinachomkosesha usingizi ni kwamba hana pa kulipeleka. Wazazi walishafariki. Nyumba yao kaka yake aliiuza zamani, na kaka mwenyewe sasa ni marehemu. Na mume waliachana mapema, na mtoto hakujaliwa. Amebaki na mdogo wake wa kike, anayeishi mbali na wanawe na wajukuu katika vyumba viwili.

"Nilimpigia simu," anasema. "Akaniambia, 'Dada, njoo tu, tutabanana.' Akanyamaza. Nikajua kabisa nisiende."

Hapa kwenye nyumba hakuna anayelijua hilo. Si kwamba aliwadanganya. Kila Jumapili, siku yake ya mapumziko, huvaa vizuri, hushika kikapu na kutoka. Watu wakaona anakwenda kwao. Akirudi jioni wanamuuliza, "Kwenu hawajambo?" naye anajibu, "Hawajambo." Nani kati yetu hujibu vingine?

Ukweli ni kwamba huenda hospitali. Hukaa kwenye mabenchi ya wanaosubiri kuona wagonjwa, akala alichofunga, akafuma kitambaa chake. Saa ya kutazama wagonjwa ikiisha, huondoka pamoja na wengine.

"Pale hakuna anayekuuliza umekaa unafanya nini," anasema. "Siku moja mama mmoja alinipa pole ya mgonjwa. Nikaipokea. Jamani, nililia siku ile kama kweli nina mgonjwa."

Kwa nini basi asiombe chumba hapa hapa? Anacheka, lakini si cheko la furaha.

"Niombe? Watu kumi na tisa wako kwenye foleni. Nimkalie nani nafasi? Tena hawa niliokuwa nawaambia jikazeni, mtapata kwenu, niwatazame kwa macho gani nikiwaambia mimi mwenyewe sina?"

Hayo anayasema akiwa amerudi kutandika kitanda cha kile chumba cha wazi. Hajamaliza, mzee mmoja anachungulia mlangoni. Ni mkazi wa miaka mingi, aliyekuwa mshona nguo, wanamwita Fundi. Yeye na Mama Shuka hutaniana kutwa nzima.

"Bibi harusi, bado umelala?" anasema. "Amka nikupe habari. Gari limepatikana! Yule dereva anayetuletea maziwa amekubali. Jumamosi tunakusindikiza hadi mlangoni, tunakukabidhi kwa watu wako mkono kwa mkono. Nambie tu dereva ashike njia gani."

"Aa, Fundi. Msijisumbue."

"We mwanamke! Sisi wote umetupokea pale getini, halafu wewe uondoke peke yako kama mwizi? Haiwezekani. Kwenu wapi?"

Mama Shuka anaishika shuka, ananyoosha pale palipokwisha kunyooka. Kisha anakaa.

"Sina kwetu, Fundi. Sina hata pa kuliweka hilo begi lenu."

Fundi anacheka, akidhani ni utani ule ule. Anamtazama vizuri, na cheko linamkauka. Anaingia bila kukaribishwa, anaketi kando yake kitandani, jambo ambalo siku nyingine lingezua kesi.

"Miaka yote hii?"

"Yote."

"Na hizo Jumapili?"

Anamweleza. Fundi anasikiliza mpaka mwisho.

"Jumapili mimi nashinda hapa sina hata wa kucheza naye drafti," anasema, amekasirika kweli, "na wewe unakwenda kukaa na watu wasiokujua! Ah, umetuonea, Mama Shuka."

Hapo ndipo anapolia. Fundi hajui afanye nini, anambembeleza kwa kumpigapiga begani na kumwambia asilowanishe shuka ya watu.

Mchana huo wanakwenda pamoja kwa msimamizi, kijana anayemwita mama. Anashika kichwa. Chumba kile cha asubuhi kinamsubiri mjane na watoto wake wawili, na Mama Shuka ni wa kwanza kukataa kukigusa. Anaandikwa mwisho wa foleni, nambari ishirini. Kwa sasa atapewa kitanda katika bweni la wanawake, ambako wanalala wanane. Huenda akasubiri mwaka mzima.

Anaogopa?

"Sana. Nimelala peke yangu miaka mingi mno, hata sijui kama nakoroma."

Fundi amekataa kuvunja msafara. Jumamosi wataliburuta begi jekundu kutoka chumba cha watumishi, wavuke ua, mpaka bwenini, wote nyuma yake. Gari halitahitajika.

Na siku akipata chumba chake?

"Sitaki zawadi," anasema Mama Shuka. "Miaka yote mtu akibisha hodi kwangu, ana shida. Dawa, sabuni, ufunguo umepotea. Nataka abishe mtu, nimuulize una shida gani, aniambie hana."