Leo Nimesimama Mahali pa Kila Mmoja Wenu

Wajomba na shangazi, kaka yetu mkubwa, nanyi wadogo zangu mlio Nairobi na ng'ambo: nawasalimu.

Mama hayumo katika kundi hili, simu yake ni mulika mwizi isiyo na intaneti. Hivyo nitasema wazi.

Leo tulipaswa kuchagua mahali pa kupigia picha ya familia, juu ya vilima vya Iveti. Mliandika hapa kwamba mtakuja.

Nilifika peke yangu.

Mpiga picha alitazama barabara, kisha akanitazama mimi. "Dada, wengine wamekwama wapi?"

Nikamwambia mko njiani. (Niliona aibu.)

Alitaka kupima mwanga, basi akanisimamisha mahali pa kila mmoja wenu. Nikawa kaka mkubwa. Nikawa kitindamimba.

"Cheka kidogo," akasema. "Hii ni familia, si matanga!"

Nilijaribu.

Niliporudi nyumbani Mumbuni nilimkuta Mama ameketi barazani, amevaa kitenge alichokiweka kwa ajili ya picha, uso umepakwa mafuta. Nami nilikuwa nimemweleza kuwa leo ni maandalizi tu.

"Najua, mwana wakwa, mwanangu," akasema. "Lakini nilifikiri mkishakutana wote, mtapitia hapa."



Kwa hiyo nimeamua, nanyi mtatekeleza. Picha itapigwa Jumamosi ijayo asubuhi, uani kwa Mama, vilima vikiwa nyuma yetu. Kila mmoja atawekewa kiti chake.

Asiyekuja, kiti chake hakitaondolewa. Kitapigwa picha kikiwa kitupu, kando ya Mama.