Baba Yangu Hakuwa Mchunga Ng'ombe

Admin, naomba ufiche jina langu. Majina ya wengine nimeshayabadilisha mwenyewe.

Nina miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili, naishi kijiji kimoja si mbali na Runzewe. Nilimaliza kidato cha nne, sasa naponda mawe ya dhahabu na wanawake wenzangu. Tangu nikiwa shule naandika shajara, kwa hiyo ninayowaeleza si ya kukisia.

Wazazi wangu walitoka Burundi wakiwa vijana. Mimi na kaka yangu, nitamwita Silvesta, tulizaliwa hapa hapa. Baba alikuwa mfyatua tofali. Nyumba nyingi za kijiji chetu ni mikono yake, na kigango, kanisa dogo tunamosali, pia. Mama alifariki tukiwa wadogo, akazikwa misheni. Baba alipomfuata, jirani yetu Msukuma, Mzee Luhende, alimzika kwenye eneo la familia yake, akatuchukua, akatulea na kutusomesha. Watu hapa wananiita Ng'wana Luhende, yaani mtoto wa Luhende, na mimi naitika. Kwa wema wa yule mzee sina la kulalamika.

Mwaka huu kikundi chetu kimepata eneo la kuchimba wenyewe. Leseni ni ya raia tu, kwa hiyo kila mwanachama alete namba ya kitambulisho cha taifa. Mimi sina. Kila nilipoomba niliulizwa babu yangu alizaliwa wapi, nikasema kweli, na faili likalala.

Mwenyekiti wetu, Mama Sayi, akaniambia mbele ya wenzangu, "Wewe unajua Kisukuma kuliko mimi niliyekulia mgodini Mwadui, kwenye Kiswahili kitupu. Nenda kaseme baba yako ni Luhende, urudi tufanye kazi. Nani atabisha?"

Mmoja akadakia, "Atabisha fahali wa Luhende. Yule ndiye aliyemjua baba yake."

Tulicheka wote, hata mimi. Baba aliogopa ng'ombe. Mwanaume mzima, akiona fahali njiani alizunguka kupitia mashamba ya watu, na Mzee Luhende alimtania kwa hilo mpaka mlangoni mwa kanisa.

Nikaenda kwa mzee. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kwa lile la kitambulisho? Nitasimama kama nilivyosimama kwa Silvesta. Nimekulea mimi, shule nimekupeleka mimi, hata ng'ombe wa mahari yako waliingia zizini kwangu. Uongo uko wapi hapo?"

Yote hayo ni kweli. Nikauliza tu, "Na wakija nyumbani wakauliza lile kaburi?"

"Tutasema tulivyosema mara ile. Alikuwa mchunga ng'ombe wetu, hakuwa na ndugu."

Alilisema kwa upole kabisa, kama mtu anayenipa kiti nikae.

Ndipo nikakumbuka. Siku ya Marehemu Wote, miaka kadhaa iliyopita, nilikuta pale penye jina la baba pamepakwa saruji. Silvesta aliniambia ameziba nyufa. Nikamshukuru, na kwenye shajara nikaandika: "Kaka amekarabati kaburi." Nimeusoma tena ule mstari. Nimeuacha ulivyo.

Silvesta anaendesha lori la mgodi huko Geita kwa kitambulisho alichopata kama mtoto wa Luhende. Nilimpigia simu.

"Ulimfuta baba."

"Nilimficha, mdogo wangu. Marehemu hahitaji kitambulisho. Wanangu wanahitaji kula. Na baba angekuwa hai, mwiko wa saruji angeushika yeye mwenyewe."

Hapo ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu huenda ni kweli. Baba angejifuta kwa ajili yetu bila kusita. Lakini kwamba angekubali hakunipi mimi haki ya kumfanyia.

Kesho yake nilichukua nyundo yangu ya kupondea mawe, nikaazima tindo kwa fundi, nikaenda kaburini mchana kweupe, kila mtu akiniona. Nilibandua ile saruji kidogo kidogo mpaka jina likatoka. Herufi moja imepasuka, lakini linasomeka.

Silvesta alipopata habari aliniambia, "Sasa njoo ubomoe na nyumba yangu umalize." Hatujaongea tena. Mzee Luhende alikuja na fimbo yake, akasimama, akalisoma jina kwa sauti. Kisha akasema, "Huyu mtu alikuwa anakimbia hata ndama," akaenda zake. Mpaka leo sijui kama alinibariki au alinilaumu.

Wiki ijayo nimeitwa kuhojiwa. Nimeshaamua. Nitasema mimi ni binti wa mfyatua tofali aliyetoka Burundi, nimezaliwa hapa, nimelelewa na Luhende. Yote matatu ni kweli na sioni kwa nini moja lifute jingine. Wakininyima, waninyime mimi ambaye baba yangu anajulikana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Baba alilipokea jembe, akalima, akafyatua tofali, akawajengea watu hawa mahali pa kumwomba Mungu. Wahenga hawakusema akishamaliza kazi yote hiyo aitwe nani.

Ninachoogopa ni kimoja. Nikisema kweli, watamwita Silvesta waulize kitambulisho chake kilipatikanaje, na kazi itaondoka. Watamwita na mzee, kwa umri ule, ajibu kuhusu mchunga ng'ombe ambaye hakuwepo. Hawa wawili ndio ndugu nilio nao duniani.

Ninyi mnaojua sheria, na ninyi mliowahi kukaa kwenye kile kiti cha kuhojiwa, niambieni: nisemeje ukweli wangu bila kuwatumbukiza? Nitasoma ushauri wa kila mtu. Isipokuwa wa saruji. Tindo la fundi sijalirudisha.