Kinywa cha Mektilda Chagoma Kufunikwa

Asubuhi hii, nyuma ya nyumba moja hapa Isikizya, wanawake sita wanakamua asali. Vinywa vitano vinaongea. Cha sita, cha Mektilda Kashindye, kinatafuna.

Kinatafuna nini? Hakuna. Midomo inakwenda, taya linafuata, ulimi unachungulia nje kama jirani mmbea, kisha unarudi ndani.

"Usikitazame sana, kitaringa," Mektilda anamwambia mwandishi. Mikono yake imetulia, inaminya sega juu ya kitambaa cheupe.

Ana miaka arobaini na tisa. Alipojifungua mtoto wa pili, alianza kusikia sauti za watu wasiokuwepo, zikimtuma aingie porini. Akaanzishiwa sindano ya kila mwezi. Sauti zikanyamaza. Akalima, akasomesha, akajiunga na kikundi cha asali. Miaka ikaenda, na kinywa nacho kikaanza kwenda, chenyewe.

"Wakasema nimelogwa upya. Wengine, acha hizo dawa. Niache, halafu zile sauti niwapangishie wao?"

Daktari alimweleza kuwa dawa za aina ile, zikitumika muda mrefu, zinaweza kumwachia mtu mijongeo asiyoitaka. Akambadilishia, akamwonya asiache ghafla. Kinywa kimepunguza kasi, ila hakijastaafu.

Balaa ni kazi yenyewe. Seremala akitafuna, nani anajali? Lakini kwenye asali! Mwaka jana asali ilipopungua ndooni, mwenyekiti wao, Advera, alisimama kikaoni.

"Dada Mekti, meza kwanza, ndipo tuongee."

Wenzake wakaangua kicheko. Mektilda akainuka, akapanua kinywa.

"Chungulieni! Nani hapa ametafuna sega akameza na nta? Si tunatema? Haya, nta yangu iko wapi?"

Wakatafuta mpaka chini ya kigoda chake. Hamna. Madonge mawili ya nta yalionekana nyuma ya kiti cha mwenyekiti. Advera mpaka leo anasema ni ya wageni.

Sasa leo mnunuzi anakuja kutoka mjini, na Advera ameleta barakoa. Moja.

"Ya nani?" anauliza Mektilda.

"Yako, dada. Mgeni asije akadhani..."

"Kama ni usafi, tuvae sote sita. Kama ni aibu, vaa wewe uliye nayo."

Advera anaikunja barakoa, anaitia mfukoni. Mektilda habanduki mezani.

Mnunuzi, kijana aitwaye Elieza, anafika, anaamkia, kisha macho yake yanaganda kwenye kinywa cha Mektilda.

"Samahani, mama, kuna kitu kimekukwama?"

"Ni dawa, baba. Ilinirudishia akili, ikachukua kinywa kama nauli. Wewe onja asali, usionje mdomo wangu."

Wanawake wanacheka, safari hii upande wa Mektilda. Elieza anaonja, analamba kidole, anaonja tena. Anaagiza ndoo tatu.

Baada ya mavuno kikundi kitachagua viongozi, na Mektilda ameshatangaza kugombea uenyekiti. Kwa desturi yao, mgombea husimama mbele ya wote akajieleza, kisha kura hupigwa kwa kunyoosha mikono. Atathubutu?

"Nitasimama, tena bila barakoa," anasema, ulimi ukichungulia. "Asiyetaka kuona kinywa changu, afumbe macho. Lakini mkono anyooshe."