Niliposhukuru kwa Hewa Safi Nikiwa Ndani ya Moshi

Sifa zote ni kwa Mungu aliyetupa pumzi na mvua, na ambaye bado hajachoka na wazee wasumbufu kama mimi. Nikishamshukuru, acheni niwasimulie aibu yangu mwenyewe, maana nikinyamaza atawasimulia jirani yangu Wanjohi, naye huongeza chumvi.

Mimi ni mzee wa kanisa huku juu ya Njoro, na pia mwenyekiti wa kikundi chetu cha wafugaji wa kondoo. Kampuni moja ya Ulaya inayoshona makoti ya kifahari (nasikia koti lenyewe huwezi kulivaa ukaenda kukama ng'ombe) ilitaka kununua sufu yetu. Lakini ilikuwa imejiwekea lengo la kupunguza kaboni, ile hewa inayoipasha dunia joto, na ilikuwa imegundua kwamba nyingi haitoki kwenye maduka yao yenye vioo, inatoka mashambani kunakotoka sufu na ngozi. Jambo hilo lilinigusa. Tajiri kuufuata uchafu wake mpaka kwenye zizi langu si mchezo! Tukakubaliana tupande miti, tusilishe kondoo mpaka udongo ubaki uchi, na tusichome mabua baada ya kuvuna. Mgeni wao angekuja kujionea, na akiridhika, sufu iliyojaa stoo ingepata mnunuzi wa heshima. Asiporidhika, tungerudi kwa yule dalali wa mjini anayeitazama kama matambara.

Sasa, kwetu mgeni akija, boma hufagiwa na takataka huchomwa, ndivyo mama yangu alivyonilea. Asubuhi hiyo nikafagia, nikafagia, nikafika nyuma ya zizi na kukuta lundo la mabua ambalo mke wangu, Mama Chebet, alikuwa ameliweka ili alitandaze shambani. Nikaona ni aibu mgeni kupokewa na lundo. Nikajiambia, hili ni dogo tu, litaisha kabla hajafika (na mabua yenyewe yalikuwa na umande, mwenye akili angejua). Nikawasha kiberiti, likatoa kamoshi kembamba kama ka uvumba, likagoma, nikadhani limezima, nikaenda kuvaa koti la Jumapili.

Mgeni akafika, mama aitwaye Klara, pamoja na Njoki, binti wa Rongai aliyekuwa akimtafsiria. Tukasimama uani pamoja na wanakikundi wenzangu, nami nikaombwa kufungua kwa sala. Ndugu zangu, sala hiyo nilikuwa nimeiandaa. Nikafumba macho, nikaanzia kwenye uumbaji, nikapitia kwa Nuhu, na nilipokaribia kondoo upepo wa bonde ukageuka na kulipuliza lile lundo. Nikasikia mtu akikohoa. Nikadhani ameguswa na Roho, nikaongeza sauti: "Tunakushukuru, Bwana, kwa hewa hii safi ya milima yetu!" Wakakohoa zaidi, na hakuna aliyenikatiza, kwa sababu kwetu mzee akiomba hakatizwi hata paa likianguka. Mimi mwenyewe machozi yalinitiririka, nikafikiri ni ya shukrani.

Nilipofumbua macho sikuona mtu. Niliona weupe mtupu, na ndani ya weupe huo nikasikia sauti ya Wanjohi: "Mzee, kumbe leo umetuletea na sadaka ya kuteketezwa!"

Mama Chebet akapita mbio na ndoo ya maji ya kondoo. "Baba Chebet! Mabua yangu!"

Moshi ulipopungua, Klara alikuwa amejifunika pua kwa shali maridadi lililokwisha kuingia masizi. Akasema kitu, na Njoki akatafsiri kwa sauti ndogo: "Mzee, anauliza moto ni wa nani."

"Sema ni wa jirani," Wanjohi akaninong'oneza. "Sufu ya watu wote iko hapo, mwenyekiti."

Ni kweli, macho yote yalikuwa kwangu. Lakini amina yangu ilikuwa haijapoa kinywani. "Mwambie ni wangu," nikasema. "Nilitaka akute boma safi."

Klara akacheka mpaka akakohoa upya. "Sisi pia tuliahidi kupunguza," akasema kupitia kwa Njoki, "halafu tukafungua maduka mapya, tukasafirisha nguo kwa ndege, na kaboni ikapanda. Tukaitangaza hadharani, kila mtu akatusoma. Siku hiyo uso wangu ulikuwa kama wako. Moshi huu nitausema, mzee. Na nitasema pia kwamba mwenye moto alijitaja."

Wakachukua sufu ya msimu mmoja tu, na sharti likawa kwamba angerudi kuona boma lisilo na moshi. Usiku nilimshukuru Mungu kwa ajili ya watu hao. Kujiwekea lengo kubwa ni rahisi. Kusimama mbele ya watu na kusema "bado hatujafika", kisha kuendelea kujaribu, hiyo ni imani.

Msimu uliofuata Klara akarudi. Lundo lilikuwa palepale nyuma ya zizi, limeoza likawa mbolea nyeusi na laini, naye akaliinamia na kulipiga picha kama bibi harusi. Nikaombwa tena kufungua kwa sala. "Fupi, mzee," Wanjohi akasema, "na macho yawe wazi." Nikaomba nikiyatazama mabonde yote mpaka kule ziwani, na siku hiyo neno "safi" lilinitoka kwa haki. Sufu yetu ikanunuliwa, safari hii bila sharti.

Kiberiti cha nyumba sasa anakaa nacho Mama Chebet, nami nimeapa sitakigusa tena kwa ajili ya mgeni yeyote. Wewe unayesoma, Mungu akujalie pumzi safi, na siku utakapoaibika mbele za watu, akuletee mgeni atakayekucheka kwa upendo. Amina, nami naisema macho wazi.