Yuditha Mtui: Analea bata wasimjue

Saa kumi na nusu alfajiri, mfuniko wa sufuria unaanza kutetemeka juu ya jiko la mkaa. Kabla haujalia mara ya pili, Yuditha Mtui anaunyanyua kwa ncha ya khanga na kuulaza juu ya gunia lililokunjwa.

Anatega sikio. Upande wa pili wa ukuta hakuna aliyeshtuka.

Chai yake anaikoroga kwa kijiti. Vikombe vyake viwili ni vya plastiki, na bawaba za mlango amezipaka mafuta ya kupikia ili zisilie. Kikohozi kikimshika, anajifunika uso kwa mto mpaka kipite.

Wanaolala upande wa pili, ambao hawatakiwi kumsikia, ni bata. Ni bata wa porini, wale wadogo wenye mdomo mwekundu. Yuditha, mwenye umri wa miaka hamsini na saba, amewaangua kwa kuyalaza mayai chini ya kuku wa kienyeji, akiyanyunyizia maji kila siku kwa sababu yai la bata halipendi ukavu. Amewalea tangu wakiwa na manyoya laini kama pamba. Na katika muda wote huo hajawahi kuwatamkia neno.

Shamba analofanyia kazi liko tambarare, kusini mwa mji wa Moshi, kando ya bwawa linalopakana na mashamba ya mpunga. Bata wanaofugwa hapo huachiwa bwawani wakishakua, na wawindaji wenye vibali huja kuwawinda, ili wale wa asili waachwe wazaane kwa amani.

Masharti ya kibali cha shamba ni marefu, lakini Yuditha anayasimulia kwa vidole vitatu. Kila bata avishwe pete mguuni akiwa bado mdogo. Asiye na pete ni wa Mungu, haguswi. Cha pili, waachiwe mapema kabla ya msimu, wazoee maji na upepo. Mwisho anashika kidole cha tatu. Bata anayekuja akiitwa na mtu haachiwi kabisa.

"Hilo la tatu lilikuja kwa sababu yangu," anasema kwa sauti ya chini. "Hata sikukusudia."

Yuditha alizaliwa Marangu. Kule mlimani mifugo haizururi. Ng'ombe, mbuzi na kuku wanakaa bandani katikati ya migomba na kahawa, na mtu ndiye anayewakatia majani na kuwapelekea. Kila anayeingia bandani huwasemesha.

"Kwetu ukiingia kwa ng'ombe kimya, anakupiga teke. Lazima umwambie ni wewe. Unamsalimu, unamuuliza amelalaje, ndipo unamgusa. Mimi nililelewa hivyo, na bata nikawalea hivyohivyo. Nani angeniambia ni kosa?"

Basi mwaka wa kwanza wa kazi yake, kila alfajiri aligonga kopo kwa kijiko na kuwaita kwa maneno ya Kichagga, yale ambayo mama yake aliwaitia kuku. Bata walimjibu. Walimfuata hadi kwenye ndoo za maji, wakamkalia miguuni akichambua maharage. Meneja wa shamba aliwaleta wageni kuja kuwaona jinsi walivyo wapole.

Wakaachiwa bwawani. Ikafika asubuhi ya kwanza ya uwindaji, wawindaji wamejificha kwenye matete. Yuditha, kama ilivyokuwa kawaida yake, akagonga kopo kuwaita vifaranga waliobaki bandani.

Waliokuwa bwawani nao wakasikia. Waliruka, wakageuka angani wote kwa pamoja na kurudi chini chini, wakipita juu ya bunduki.

"Walikuwa wanakuja kula," anasema Yuditha. "Waliona mama ameita."

Kornel, dereva mstaafu wa Bomang'ombe, alikuwa wa kwanza kwenye mstari wa wawindaji siku ile. Anasema aliondoa risasi ndani ya bunduki, akailaza kwenye majani, akasimama mbele ya wenzake na kunyoosha mikono waache kupiga.

"Nimewinda tangu ujana wangu," anasema. "Ndege unayemwinda anakukimbia, na wewe unatafuta akili ya kumpata. Wale hawakunikimbia. Walikuwa wanarudi kwao."

Baada ya hapo alizunguka bwawa kwa miguu hadi bandani, akamkuta Yuditha amekaa chini. Alimtoa kopo mkononi taratibu, akalijaza pumba na dagaa wa kusaga, akawalisha wale wachache waliofika bandani wakiwa hai. Kisha akaenda mwenyewe ofisi ya wanyamapori kueleza alichokiona. Sharti la tatu lilitokana na safari yake hiyo.

Wale wachache bado wako hai. Wanaishi kwenye banda la nyuma, karibu na nyumba ya mlinzi, na hawataachiwa kamwe kwa sababu wanamjua mtu. Mtu huyo ni Yuditha, na ndiye asiyeruhusiwa kuwakaribia. Akienda watapiga kelele, naye atawajibu bila kujizuia, na bata wachanga watajifunza sauti yake.

Anayewalisha ni mlinzi, Shedrack. Kila jioni hufika dirishani kwa Yuditha kumpa habari: nani anachechemea, nani ametaga, nani amemnyang'anya mwenzake mahali pa kulala. Amewapa majina ya wanakwaya wa usharika wao. Yule anayepiga kelele kuliko wote ni mwenyekiti wa kwaya.

"Mwenyekiti hajambo?" huuliza Yuditha.

"Anaongoza sauti ambayo si yake, kama kawaida."

Shedrack pia ndiye anayemtania kuhusu ukimya huo. Humwambia kwamba marehemu mume wake, Aikaeli, angeambiwa kuna kazi ya kumnyamazisha mke wake, angelipia yeye. Yuditha hucheka kimya, mabega yakitikisika, kiganja mdomoni.

Lakini ukimya una uzito wake. Kati yake na bata wachanga amejenga ukuta wa majani makavu ya migomba, yaliyoteremshwa kutoka Marangu kwa gari la ndizi. Chakula hukimimina kwenye bomba la plastiki linalopenya ukutani na kutokea upande wa pili, ili wasijue kinatoka kwa nani. Siku ya kuvishwa pete walikuja watu wengine kabisa. Yeye alikaa ndani, akasikia vifaranga wakilia, akabana mikono katikati ya magoti.

Kwenye ukuta ule wa majani kuna tundu dogo, la kuingia kidole. Yuditha hulisogelea kila asubuhi, akafumba jicho moja na kutazama kwa muda mrefu. Anawajua mmoja mmoja. Yuko mwenye doa jeupe shavuni, na yuko mwoga ambaye husubiri wenzake wamalize ndipo ale.

"Huyo mwoga natamani nimwambie tu, kula mwanangu, hakuna anayekufukuza. Neno moja tu. Basi nalimeza."

Hana unafiki kuhusu bunduki. Anasema nyumbani kwake yeye humwita kuku na kumchinja siku ya Krismasi, na nyama anaila. Ila kuku yule anamchinja yeye aliyemwita, na mkono wake haujifichi kwenye matete.

Alishuka tambarare kwa nia ya kukaa msimu mmoja. Kahawa ilikuwa imeugua, paa linavuja, na watoto wake wawili wako mbali, mmoja Tabora na mwingine Mtwara. Msimu mmoja umezaa mingine. Katika mshahara wake wa shilingi laki mbili na nusu kwa mwezi, sehemu hupanda Marangu kwa jirani yake, Gladys, anayempalilia kihamba, shamba la migomba la ukoo, na kufungua madirisha ya nyumba kila Jumamosi ili isinuke ukiwa.

Paa sasa limekwisha kuezekwa upya. Ameomba jambo moja tu kabla ya kurudi: apewe wale bata wa banda la nyuma, aende nao nyumbani. Meneja hana pingamizi. Lakini bata ni wa kibali, na kibali kinategemea jaribio la leo. Bata wachanga wakimjia akiwaita, kibali kinafutwa na ndege wote wa shamba wanachinjwa, pamoja na wale wa nyuma. Wasipomjia, ofisi itapokea ombi lake.

Ili awapate wanaomjua, ni lazima hawa wengine wasimjue.

Saa mbili asubuhi anafika Doris, afisa wanyamapori, akiwa na mwenzake mmoja. Ni binti aliyezaliwa kule Mkuu, wilayani Rombo. Anapiga goti kidogo akimwamkia Yuditha shikamoo, kisha anamsogeza pembeni na kumweleza polepole, ingawa Yuditha analijua jaribio lote. Bata wamehamishiwa kulipopambazuka kwenye uwanja wenye wavu, ukingoni mwa bwawa. Yuditha atatoka, ajionyeshe, agonge kopo na kuita.

"Mama, nakuomba uite kweli," Doris anamwambia. "Usiite nusu nusu kwa kuwaogopea. Ukiita nusu, nitajua, na nitalazimika kuandika."

"Nitaita, mwanangu. Siwezi kukudanganya wewe uliyepanda pikipiki safari yote hiyo."

Shedrack analeta kopo na kijiko. Yuditha anavipokea na kuvikumbatia kifuani. Doris anaona, anavua shali yake na kumfunga Yuditha mabegani, kana kwamba tatizo ni baridi tu. Meneja anatazama viatu vyake.

Yuditha anatoka nyuma ya ukuta wa majani. Mbele yake bata wametapakaa kwenye maji ya kina kifupi, na nyuma ya mawingu mlima umejificha, kama unavyofanya miezi hii. Anagonga kopo mara tatu. Kisha anaita.

Anaita kwa sauti nzima. Maneno ni yaleyale ya mama yake, yanayoanza chini na kupanda mwishoni, na yanatoka kwenye kifua ambacho kwa miezi hakikuwahi kufunguka. Wakulima wa mpunga ng'ambo ya bwawa wanainua vichwa.

Bata nao wanainua vichwa. Mwenye doa jeupe anamtazama kwa jicho moja. Yuditha anaita tena, na safari hii anasogea hatua mbele, mkono ameunyoosha kama mtu anayetoa chakula.

Mwoga ndiye anayeruka kwanza. Wengine wanamfuata kwa kishindo, wote wanakimbilia upande wa mbali wa wavu, kwenye matete, na kujibana huko. Hakuna hata mmoja aliyebaki karibu.

Maji yanatulia. Hapo ndipo kelele zinaposikika kutoka nyuma, upande wa nyumba ya mlinzi. Ni bata wa zamani. Wanapiga mabawa, wanagonga wigo, wanalia wote kwa pamoja, na mwenyekiti wa kwaya anawashinda wote.

Yuditha hageuki. Amesimama na kopo lake, akiyatazama matete, machozi yanashuka bila sauti. Meneja anapiga makofi mara moja, kisha anaona aibu na kuacha.

"Wamefaulu, mama," anasema Doris.

"Nimeona. Hawanijui kabisa."

Doris hamharakishi. Anasimama naye bega kwa bega mpaka Yuditha anapojifuta uso kwa shali ile, kisha anamwambia kwamba kazi ya kunyamaza kwa kundi hili imekwisha. Wataachiwa wiki hii. Mpaka mayai mengine yaanguliwe, anaweza kwenda popote na kusema lolote.

Yuditha anamtazama kama asiyeamini, halafu anaelekea nyuma, kwanza akitembea, kisha karibu akikimbia, kopo likilia mkononi. Shedrack anamfungulia banda na kusimama pembeni. Kwa muda mrefu kinachosikika ni Kichagga tupu. Anawauliza wamelalaje. Anamkaripia mwenyekiti. Anaketi kwenye pumba na gauni lake zuri, nao wanampanda mapajani kama zamani, ila sasa ni wazito.

Ombi lake limeondoka mchana kwenye mkoba wa Doris. Ofisi itapima mengi: kama banda la Marangu lina wavu wa juu, kama ndege hao hawatachanganyika na wa asili kwenye vijito vya mlimani, kama pete zao zinasomeka. Doris hakumwahidi kitu. Alimwambia tu kwamba ataliwasilisha yeye mwenyewe, kwa mkono wake, asilitume.

Gladys amekwisha kupigiwa simu. Ameahidi kusafisha banda la mbuzi la zamani na kuchimba kidimbwi chini ya migomba, pale maji ya mfereji yanapopita. Meneja naye amemruhusu Yuditha kupanda mlimani siku zote za uwindaji, asiwepo bunduki zitakapoanza. Yuditha anasema atamshukuru kwa hilo maisha yake yote.

Jua limeanza kuinama. Anamsindikiza mgeni wake, mwandishi wa makala haya, hadi kwenye barabara ya vumbi, akiongea njia nzima: paa jipya, maharage, mwoga mwenye kula wa mwisho, na kama ataweza kuruka haraka siku yenyewe. Kwenye njia panda anashika mkono na hauachii.

"Ukisikia nimekwenda nyumbani, uje Marangu," anasema. "Shuka sokoni, uliza kwa mama Mtui mwenye bata. Nitakupikia mtori wa ndizi na nyama. Na kama wamenikatalia, ukanikuta bila bata, uje vilevile. Hapo ndipo nitataka sana mtu wa kuongea naye."